Muulize Hajati Zuhura: Mwalimu Anataka Kumwita Mtoto Andromeda

Kabla ya barua, nina deni la kulipa. Toleo lililopita niliandika kwamba nimepewa jina la nyota ya alfajiri. Msomaji mmoja wa Bugembe amenikosoa, kwa upole wa mtu aliyeficha fimbo mgongoni, kwamba Zuhura si nyota, ni sayari. Ni kweli. Nyota huwaka kwa moto wake yenyewe. Zuhura humulikwa na jua kama tunavyomulikwa sisi. Barua yake ilinifanya nisome zaidi, nikakuta mambo ambayo marehemu mume wangu angeyafurahia mno. Zuhura ina joto la zaidi ya nyuzi 460. Inajizungusha kinyume na sayari nyingi. Halafu haina haraka: kujizungusha mara moja huichukua siku 243 za kwetu, ilhali kulizunguka jua huichukua 225 tu, yaani hujigeuza polepole kuliko unavyokwisha mwaka wake. Mkali, mbishi, mzito kugeuka. Mume wangu angesema baba mkwe aliona mbali.

Barua tatu nilizochagua mwezi huu nazo zimekuja na majina ya angani, basi tubaki hukohuko.

*Hajati, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Jinja. Kwetu ni Tororo, ni Mpadhola. Mke wangu ni Mtooro wa Fort Portal, lakini baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo amekulia kambini, na ndiyo maana lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili. Mwezi ujao tunatarajia mtoto wa kwanza. Tarehe 3 Novemba 2013, nikiwa mwanafunzi, tulipakiwa kwenye basi tukapelekwa Pakwach kuona kupatwa kwa jua. Jioni ile giza liliingia jua likiwa bado halijatua, kuku wakaanza kutafuta pa kulala, na mimi nikatokwa na machozi mbele ya wenzangu. Tangu siku hiyo niliapa mtoto wangu atakuwa na jina la angani. Nina orodha: akiwa msichana, Andromeda, Nova au Supanova, akiwa mvulana, Orion, Rigel au Algol. Mke wangu anasema mtoto atachekwa. Mama yangu anasema jina la kwetu kwanza, mengine ni mapambo. Baba mkwe hajasema neno, na ukimya wake unanitisha kuliko maneno ya mama. Nifanye nini? — Mwalimu wa Fizikia, Jinja*

Marahaba, mwanangu.

Nimefanya kazi ya ukunga miaka 31. Watu hudhani mkunga kazi yake ni kupokea mtoto tu. Kazi ngumu huanza baadaye, pale unaposhika kalamu kuandika jina kwenye kadi, baba anataja moja akiwa dirishani na bibi analikataa akiwa mlangoni. Machi 1986, mapigano ya Kampala yana miezi miwili tu tangu yatulie na nyotamkia ya Halley ikionekana kabla ya mapambazuko, alikuja mwalimu mwenzako (sijui ninyi walimu mna nini) akataka mwanawe aitwe Halley. Nikaandika. Kufika mtaani jina likawa Hali. Mtoto yule amekua akisalimiwa "Hali, u hali gani?" na kila anayemsalimu hivyo hucheka kana kwamba amelibuni yeye. Tulikutana sokoni mwaka jana, ana watoto wake sasa. Akaniambia: "Hajati, nyotamkia yangu itarudi 2061. Nitakuwa na miaka 75. Nitatoa kiti nje niingoje, niiulize yenyewe hali yake."

Sikukatazi. Hali ni mtu mwenye furaha zake. Ninachotaka ujue ni kwamba wewe utalitoa jina kitabuni, lakini mtaa ndio utakaolitumia, na mtaa una midomo yake. Hapa kwetu l na r ni ndugu wanaoazimana nguo. Mimi mwenye jina lililozoeleka nimewahi kuzunguka ofisi moja mara nne kwa sababu karani aliniandika Zuula. Sasa fikiria atakapoletewa Andromeda.

Tuipitie orodha yako.

Algol iondoe leo hii. Najua kwa nini umeipenda: kila baada ya siku tatu kasoro saa chache hufifia, halafu ikarudi kung'aa, kwa sababu nyota nyingine inapita mbele yake. Kwa somo la fizikia ni tamu. Lakini jina ni la Kiarabu, *ra's al-ghul*, kichwa cha zimwi. Siku mama yako atakapouliza maana yake, utamjibu nini? Na Rigel ni *rijl*, mguu. Nyota nyingi zinazoimbwa kwa fahari na Wazungu majina yake yalitoka kwa Waarabu, yakapindwapindwa njiani, na sisi tuliokaa madrasa tukiyasikia tunasikia viungo vya mwili: Deneb ni mkia, Fomalhaut ni mdomo wa samaki. Kifungua mimba wa nyumba yako umwite Mguu?

Supanova ni kifo cha nyota. Hapana. Nova kwa Kilatini ni "mpya", neno zuri, na lina silabi mbili tu ambazo hata mlevi hawezi kuzikosea. Ila wewe unajua kuliko mimi kwamba nova halisi si nyota mpya hata kidogo. Ni mabaki ya nyota iliyokwisha, inavuta gesi ya jirani yake hadi inalipuka. Kula cha jirani kisha ukampasukia! Mtaani kwetu watu wa namna hiyo tunao, lakini hatujawahi kuwapa jina hilo. Kama mkeo atalipenda, sina ugomvi nalo.

Andromeda nimelitafakari zaidi, maana naona ndilo lililokukaa moyoni. Katika hadithi za Wagiriki wa kale ni binti wa mfalme wa Ethiopia, kwa hiyo usiniambie wamelileta kutoka mbali, lilikuwa jirani. Lakini kilichompata ni nini? Mama yake alijisifu uzuri, miungu ya bahari ikakasirika, msichana akafungwa kwa minyororo kwenye mwamba ili aliwe na dude la baharini. Akaokolewa, ndiyo, lakini akiwa ameshafungwa kwa kosa la mamake. Huko angani Andromeda ni mji wa nyota ulio umbali wa miaka milioni 2.5 ya nuru. Hapa chini, Walukuba au Mpumudde, ataitwa Meda. Fanya kitu kimoja: jioni hii simama mlango wa nyuma, fikiria mtoto ameacha jerikeni bombani akaenda kucheza, kisha uite kwa hasira, "Andromedaaa!" mara tatu. Kama ya tatu bado inatoka bila kucheka, na majirani hawajafungua madirisha, tuzungumze tena.

Orion, yule mwindaji wa hadithi za Wagiriki, sina tatizo nalo, na nikwambie sababu ambayo huenda hukuiwaza. Kwenu majina ya wavulana huanza na O: Othieno, Okoth, Ochieng. Orion atapita Tororo yote bila mtu kumuuliza pasipoti. Wazee watadhani ni jina la kwenu walilolisahau. (Dada yake akizaliwa watamwita Arion kabla hujamaliza kueleza.) Tena ni jina linaloonekana kutoka uani kwako. Sisi tuliokaa karibu na ikweta tumejaliwa anga zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, na ule mkanda wa nyota tatu wa Orion hupita juu ya utosi wetu hasa. Januari, karibu na saa tano usiku, mlaze mtoto chali kwenye mkeka na hutahitaji kumwonyesha kwa kidole.

Sasa nije kwa mama yako, ambaye naona umemweka upande wa wapinzani. Mwalimu, umesafiri hadi Pakwach kwa basi kutafuta anga, na anga iko kwenye majina ya nyumbani kwenu! Athieno ni nini kama si usiku? Achieng ni nini kama si jua? Akoth ni mvua. Wapadhola humtazama mtoto, halafu wanatoka nje kutazama juu, ndipo wanataja jina. Kuna elimu gani ya nyota inayozidi hiyo? Mama yako hakukatalii anga. Anakwambia uanzie ulipo.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Jina la ubatizo ningelichukua Stella. Uganda hii akina Stella wamejaa kila parokia, hakuna atakayekuangalia mara mbili, na wengi hawakumbuki kwamba kwa Kilatini maana yake ni nyota tu. Halafu jina la kwenu ningeliacha lingoje saa ya kuzaliwa. Akizaliwa usiku ni Stella Athieno, nyota ya usiku. Umepata anga nzima na hakuna aliyecheka. Akizaliwa mchana ni Stella Achieng, na hapo wasioijua fizikia watasema nyota na jua haviendi pamoja, nawe utakuwa na raha ya kuwaeleza kwamba jua lenyewe ni nyota. Akizaliwa mvua inanyesha, Stella Akoth, hapo nyota itabidi uitafute nyuma ya mawingu. Akiwa mvulana, Orion Othieno. Orion Ochieng nalo lipo, mwindaji aliyelala mchana. Si vibaya, mtoto mchanga kazi yake ndiyo hiyo.

Amebaki baba mkwe. Kwanza nakushukuru kwamba hukutia neno la kupatwa kwa jua kwenye orodha, kwa mapenzi yote uliyo nayo ya Pakwach. Ufalme wa Tooro ulizaliwa kutoka Bunyoro, na wazee wa upande huo wana kumbukumbu ndefu. Mapokeo yanasema Omukama (yaani mfalme) Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi vitani kupitia Nkore na ng'ombe aliowateka, jua likazimika mchana, akakimbia na kuwaacha ng'ombe wote. Wataalamu wamelihesabu tukio hilo kuwa la mwaka 1520, na Biharwe, kwenye barabara ya Masaka kwenda Mbarara, pamejengwa mnara wa kulikumbuka. Kwako wewe kupatwa kwa jua ni machozi ya furaha. Kwa baba mkwe huenda ni ng'ombe waliopotea.

Lakini sidhani anafikiria hayo. Nadhani anangoja aulizwe juu ya empaako, lile jina la heshima na mapenzi ambalo Watooro humpa mtoto juu ya majina yake mengine. Mkeo anayo yake, naamini nyumbani wanamwita kwayo wakiwa wanampenda na wakiwa wanamwomba kitu. Majina hayo yako kumi na mawili tu, hayatungwi mengine, na mila hiyo UNESCO iliiandika mwaka 2013 kwenye orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka. Mashangazi humchunguza mtoto amefanana na nani, mkuu wa ukoo anatangaza, mnakula ugali wa wimbi kwa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi. Najua kwa desturi mtoto ni wa kwenu na shughuli hiyo ni ya upande wa baba. Hata hivyo nenda Fort Portal, au piga simu ukiwa umekaa vizuri, useme: "Baba, mjukuu tungependa awe na empaako, tunaomba mwongozo." Usiseme kitu kingine siku hiyo. Na usipendekeze Araali eti kwa sababu ina radi ndani yake. Nakujua.

Jambo la mwisho ni la kiofisi. Siku ya kwenda hospitali mkeo awe na karatasi mfukoni yenye majina yameandikwa kwa herufi kubwa, la kike na la kiume, na nafasi wazi ya lile linalongoja saa. Anayejaza taarifa ya kuzaliwa asikie kwa macho, si kwa masikio. Kosa la herufi moja hukaa pale hadi kitambulisho cha taifa, na kulifuta ni safari na pesa. Halafu niandikie. Usiniambie jina, niambie saa aliyozaliwa, nitalijua mwenyewe.

*Hajati, nina mimba ya mapacha. Skani imesema ni wa kike na wa kiume. Nimeota niwaite Jua na Mwezi, kwa Kiswahili hivyohivyo. Mume wangu ni Muganda, anasema mapacha hawachaguliwi majina. Nani mwenye haki? — Mama wa Wawili, Masaka*

Mumeo. Kwa Waganda mapacha huja na majina yao mkononi: akitangulia wa kiume ni Wasswa na dada yake ni Nakato, akitangulia wa kike ni Babirye na kaka yake ni Kato. Wewe utakuwa Nnalongo, yeye Ssalongo, na hata mwenye duka atabadilisha namna ya kuwasalimu. Nimeona watu wakijaribu kuyakwepa majina hayo, wakashindwa na majirani ndani ya wiki moja.

Na hata kama mngekuwa huru, Jua na Mwezi nisingewapa ndugu wawili. Watakapofika darasa la tano watafundishwa kwamba mwezi hauna nuru yake, unaazima ya jua. Nani atakuwa Mwezi katika nyumba hiyo, na atamsamehe lini mwenzake? Yafanye majina ya kuwabembelezea kitandani kwa zamu, leo huyu jua, kesho yule. Pole na mgongo, Nnalongo mtarajiwa, ulale ubavu wa kushoto.

*Hajati, mimi ni msichana wa miaka 16, kwetu Bombo, nasoma S.3, yaani kidato cha tatu. Jina langu ni Thuraya. Shuleni wananiita Sulaya, na tangu mwalimu wa kompyuta aseme Thuraya ni simu ya setilaiti wananiambia "piga, haina mtandao". Nataka mwaka ujao nikijiandikisha kwa mtihani wa S.4 niandike Tracy. Mama hajui. — T., Bombo*

Binti yangu, tuanze na la mtihani maana ndilo lenye tarehe. Matokeo yako ya darasa la saba yana jina gani? Thuraya. Ukijiandikisha S.4 kama Tracy utakuwa watu wawili kwenye makaratasi, na siku ya kutafuta chuo utatumia pesa ya ada kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe. Kubadilisha jina kunawezekana kisheria, lakini kwa umri wako hufanyi kwa mlango wa nyuma, mzazi lazima awepo. Kwa hiyo la "mama hajui" lifute kwanza.

Sasa jina. Simu hiyo ipo kweli, ni ya kampuni ya Falme za Kiarabu, lakini ni simu iliyopewa jina lako, si wewe uliyepewa jina la simu. Thuraya ni lile kundi dogo la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia, kwa sababu wakulima waliangalia hilo kabla ya kushika jembe. Mwishoni mwa Aprili huzama jioni pamoja na jua, na kundi hilo halionekani tena hadi Juni linapochomoza kabla ya alfajiri, na wazee waliweka methali yake: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Wataalamu wamehesabu humo nyota zaidi ya elfu moja, zote za familia moja, zilizozaliwa pamoja. Ungeniambia ubadilishe hilo kwa Tracy, jina ambalo darasani kwenu nina hakika liko tayari mara tatu?

Sulaya usilipigane nalo. Sauti yetu ya *th* wengi hapa hawana, watasema *s* hadi Kiyama, nami nimekwisha kuitika Zuhula mara nyingi kuliko Zuhura. La simu lina dawa. Wakisema "haina mtandao", wapeleke nje usiku wa Desemba mkiwa likizo, kama saa nne hivi, kaskazini kidogo ya utosi, uwaambie wahesabu nyota za Kilimia kwa macho matupu. Wengi huishia sita. Atakayeona saba ana macho mazuri. Atakayeona kumi anadanganya, na huyo ndiye aliyeanzisha utani.